Ulimi wa Shemeji

Fundi vioo alizaliwa na mikono mirefu kupita kiasi. Mama yake alimshonea mashati kwa kipimo cha suruali, na wenzake wa utotoni walimtuma kuangua matunda bila kupanda mti. Wanasema aliweza kujikuna goti akiwa amesimama wima kama mlingoti. Mikono hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwenye duka la vioo alimwona akipita barabarani, akamwita, "Wewe, njoo ushike hapa," naye akashika, na hakuachia tena mpaka mwenye duka alipozeeka akamwachia duka lenyewe.

Kioo kidogo, cha picha au cha kujitazamia, hubebwa kwapani kama gazeti. Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja hata awe na mikono ya pweza. Kinataka wawili, tena wawili wanaojuana hadi pumzi. Wa juu hupanda ngazi kinyumenyume, haoni aendako, anasikiliza tu. Wa chini ndiye macho. Wa chini akisema "panda," wa juu anapanda. Akisema "kona," wa juu anakunja. Wa chini akidanganya mara moja tu, kioo kinakuwa chembe za sukari na mtu anakuwa hadithi.

Fundi alikuwa wa juu. Wa chini alikuwa Shemeji.

Shemeji huyu fundi alimpata pamoja na mke, kama mtu aliyenunua sufuria akapewa na kifuniko. Ujanani fundi aliitwa kubadilisha kioo cha dirisha kwenye nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na binti mwenye kicheko cha kuangusha vigae. Kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai ikamchukua siku nzima. Puti, ule ugoro wa kushikizia kioo, ilimkaukia mkononi ikawa jiwe. Mwisho baba wa binti akatoka barazani akasema, "Kijana, ama umalize dirisha, ama uoe." Akaoa. Baada ya harusi kaka wa bibi harusi akaja dukani kumsalimia shemeji yake, na salamu hiyo haijaisha mpaka leo. Alivaa aproni siku hiyo hiyo. Fundi alizoea kumwita kwa sauti kubwa kutoka juu ya ngazi, "Shemeji! Shemeji!" hata mtaa mzima ukadhani ndilo jina lake. Wateja walimwita Shemeji. Kinyozi wa jirani alimwita Shemeji. Hata mke wa Shemeji mwenyewe alimwita Shemeji, na hakuna aliyeona ajabu.

Wakabeba vioo pamoja hadi wakaota mvi. Hakuna dirisha la ghorofa katika mji ule ambalo hawakulipandisha wao. Ilisemekana kwamba kipofu angewasikia wakipita barabarani na kujua ukubwa wa kioo kwa jinsi Shemeji alivyokohoa.

Kisha kifua cha fundi kikaanza visa.

Kilianza kama utani. Akipanda ngazi, katikati, kitu kilimkaza kifuani kama mtu anayefunga parafujo kwa taratibu, kikapita begani, kikateremka mkono wa kushoto. Akisimama, kinaachia. Akipanda tena, kinakaza tena. Fundi akajifanya mtu wa kupenda mandhari. Kila ghorofa alisimama dirishani na kusema, "Aa, tazama mji ulivyopendeza." Mkewe alimfuma siku moja anasifia mandhari ya ukuta mtupu.

"Baba watoto," akamwambia, "unasifia simenti?"

Kesho yake akampeleka hospitali akiwa amemshika mkono kama mtoto anayekimbia sindano. Shemeji akafuata, kwa kuwa Shemeji hakukosa msafara. Pale hospitali palikuwa na ngazi ndefu, na walipofika juu fundi alikuwa ameloa jasho, Shemeji naye vilevile, anahema kama mbwa wa mchana. Sista aliyekuwa mlangoni akawatazama wote wawili.

"Mgonjwa ni yupi?"

"Huyu," akasema Shemeji akimwonyesha fundi, na mkono wake mwingine umeshika kifua.

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja kusindikiza."

Akasindikiza hadi kitandani. Walifungwa nyaya wote wawili, na wote wawili wakakutwa na ugonjwa mmoja: mishipa inayolisha moyo imejaa mafuta ukutani kama bomba la jikoni, njia imekuwa nyembamba, moyo ukitumwa kazi nzito haupati damu ya kutosha, basi unalalamika. Shemeji alikasirika sana. Aliona ni utovu wa adabu, mtu anakuja kumpa pole mwenzake anaambiwa naye yumo.

Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza puani muda wote, aliwaambia hali yao si ya kuaga watoto. "Maumivu yanakuja mkijichosha, yanaondoka mkipumzika. Hiyo ni hali iliyotulia. Tutaitunza isichafuke." Akawapa dawa zao za kila siku, na kila mmoja kidonge kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Akawakataza sigara. Kisha akawauliza kama wangependa kuingia katika utafiti wa dawa mpya, ya kuongeza juu ya zile, inayotarajiwa kumfanya mtu atembee mbali zaidi kabla ya kifua kulalamika.

Sista wa utafiti ndiye aliyewaeleza. Alikuwa na sauti ya kuweza kunyoosha nguo bila pasi.

"Kuna vichupa vya aina mbili. Kimoja kina dawa. Kingine kina vidonge vinavyofanana na hiyo dawa kwa kila kitu, lakini ndani hamna dawa, ni unga tu. Nani anapata kipi, kompyuta ndiyo inayopiga kura. Mimi sijui, daktari hajui, ninyi hamjui."

"Sasa nani anajua?" akauliza Shemeji.

"Kuna ofisi mbali huko. Inajua."

"Haina simu hiyo ofisi?"

"Inayo. Lakini haitakupigia wewe."

"Na mnaficha kwa nini, dada yangu? Mambo ya kheri yanafichwa?"

"Kwa sababu mtu akijua kapewa dawa, kifua kinapona kwa furaha tu, kabla dawa haijafika hata tumboni. Tunataka kujua kinachofanya kazi ni dawa au ni furaha. Mmenielewa? Na kila mtu ameze vya kwake. Hakuna kuazimana, hakuna kuonjana. Mmenisikia?"

Wakaitikia kwa vichwa kama mijusi. Wakapandishwa kwenye mashine yenye mkanda unaotembea, waya zimewaning'inia kama mizizi, wakatembezwa mpaka vifua viseme. Shemeji aliteremka akiwa amekasirika tena. "Nimetembea muda wote huu na bado niko pale pale," akasema. "Barabara gani hii?"

Walipotoka walikaa kwenye benchi nje ya lango, kila mmoja na kichupa chake cheupe mapajani. Shemeji alikuwa kimya, na Shemeji kuwa kimya lilikuwa jambo la kumtafutia tabibu.

"Shemeji," akasema mwishowe, "umefikiri? Mmoja wetu anaweza kula dawa, mwingine akala unga."

"Ndivyo alivyosema."

"Mmoja atapanda ngazi, mwingine atapanda kaburini."

"Kaburini watu hushuka, shemeji."

"Unaona? Unafanya mzaha na roho yangu." Akamshika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Baba yetu alikufa na kifua, unajua. Sitaki nipone mimi ufe wewe, wala upone wewe nife mimi. Tuchanganye. Vyangu na vyako, bakuli moja, tugawane. Kama dawa ipo kwangu, utaipata. Kama ipo kwako, nitaipata. Tumeshika kioo kimoja maisha yetu yote, leo tutashindwa kushika kidonge?"

Fundi hakuwa mtu wa machozi, lakini pale benchini yalimtoka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno zuri kama lile, hata mkewe siku ya harusi, kwa kuwa mkewe alikuwa anacheka. Wakala yamini, wakapeana mikono. Yale ya Sista yakapita sikio hili yakatokea la pili.

Basi ikawa hivyo. Kila mwanzo wa wiki fundi alileta vidonge vyake kutoka nyumbani, vilikokaa kabatini kwa mkewe. Shemeji alitoa vyake mfukoni mwa aproni, maana yeye kichupa chake hakikukaa popote ila pale, pamoja na futi, penseli, na kitambaa chake cha kufutia vioo kilichoshiba tapentaini ya kutolea rangi. Wakavimwaga katika bakuli la bati juu ya meza ya kukatia. Shemeji akawa mgawaji. Alijitolea mwenyewe. "Wewe una vidole vya kukata vioo," alisema, "vidonge vitakukimbia." Akagawa, kimoja huku kimoja huku, fundi akatia vyake mfukoni bila kuangalia. Angeangaliaje? Alikuwa akipanda ghorofa kinyumenyume kwa neno la mtu yule. Kuhesabu vidonge mbele yake kungekuwa matusi.

Wiki zikapita, na Shemeji akachanua. Ngozi ilimng'aa. Alianza kupiga mluzi. Siku moja kuku wa kinyozi alitoroka, Shemeji akamkimbiza mtaa mzima, na aliyelala chali akihema mwishoni alikuwa kuku. Kwenye mkanda wa hospitali alitembea hadi Sista akamwambia basi, teremka, wengine wanangoja.

Fundi hakuchanua. Fundi alinyauka. Mkanda ule ule ulimtema mapema kuliko mara ya kwanza. Kifua kilianza kumbana kwenye ngazi ambazo zamani hakujua kama ni ngazi. Kile kidonge cha chini ya ulimi sasa alikizoea kama pipi.

"Labda moyo wako ni mkaidi," Shemeji alimwambia. "Dawa ni ile ile tunayogawana. Mbona mimi inanikubali?"

Na fundi akaamini. Akauonea aibu moyo wake mwenyewe, akausema vibaya akiwa peke yake kama mtu anayemgombeza mtoto aliyefeli shule.

Ndipo ikaja kazi ya chuo cha ushonaji. Chuo kilikuwa kimejenga ukumbi ghorofa ya juu, na mkuu wa chuo, mama mmoja anayetembea na futi ya kushonea shingoni kama nishani, alitaka dirisha la kioo kimoja kizima, bila mbao katikati, wanafunzi wapate mwanga. Kioo kilipofika dukani kilikuwa kikubwa hata ndege walikuja kujisalimia ndani yake. Fundi alikizunguka, akakigusa pembe kwa kidole.

"Hiki ndicho," akamwambia mkewe jioni ile. "Nikishakipandisha hiki, nitakaa dukani nikate vioo vya picha. Lakini hiki nikipandishe mimi."

Mkewe akamtazama kifua.

Walianza kwanza na vioo vidogo vya pembeni mwa ukumbi. Katika kupandisha kimoja, fundi akiwa juu kinyumenyume, kifua kilimkaza ghafla. "Weka," akasema kwa sauti ya kamba iliyokatika. Wakakiegemeza ukutani. Fundi akakaa kwenye ngazi, akaweka kidonge chini ya ulimi, akafumba macho. Alipokuwa amefumba hivyo alisikia viatu vya mkuu wa chuo, na sauti ya Shemeji ikimwambia, nyororo kama mafuta:

"Usiwe na wasiwasi, mama mkuu. Shemeji amechoka, umri. Kile kikubwa nitakuja na mtu mwingine."

Fundi hakufumbua macho. Alifikiri, amesema hivyo kwa kunihurumia. Akalimeza hilo pamoja na mate ya kidonge.

Alilala nalo, akaamka nalo, na asubuhi akawa amefikia shauri. Wiki mpya ilikuwa inaanza, vidonge alikuwa ameshavipeleka dukani mapema na kurudi nyumbani kupumzika. Akavaa viatu tena. Shauri lenyewe lilikuwa hili: atamwambia Shemeji achukue vyote. Vya bakuli lote. Maana mimi havinisaidii, na yeye vinamsaidia. Basi ni heri mmoja wetu awe mzima, aninyanyulie upande wangu, nami niwe macho. Tubadilishane tu nafasi. Alitembea polepole, akipumzika kila penye kivuli, huku akipanga maneno ya kusema ili Shemeji asikatae.

Mlango wa duka ulikuwa umerudishwa. Akausukuma.

Ukuta wa duka lile ulijaa vioo vya kujitazamia, vya kila umbo, vikingoja wenyewe. Kwa hiyo fundi hakumwona Shemeji mmoja. Aliwaona wengi, duka zima, wa duara na wa pembe nne, wakubwa na wadogo, na kila mmoja alikuwa ameinama juu ya bakuli na ulimi nje.

Alikuwa akilamba vidonge. Anachukua kimoja, anakigusisha ulimini, anafumba jicho kama mnunuzi wa asali, kisha anakitenga. Kulikuwa na mafungu mawili juu ya meza. Moja lilikuwa kwenye karatasi, mahali pa fundi pa siku zote. Jingine lilikuwa juu ya leso yake mwenyewe, imekunjwa pembe vizuri.

"Unafanya nini?"

Shemeji aligeuka, ulimi bado nje. "Nagawa."

"Kwa ulimi?"

Ulimi ukarudi ndani. Shemeji akajaribu kucheka. "Unajua, shemeji, nimegundua kitu. Kuna vichungu, na kuna visivyo na ladha. Na dawa ni chungu, hilo hata mtoto anajua."

"Na vile vichungu ni vya nani?"

Wote wawili wakatazama leso.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile tulipombebea kinyozi kioo chake. Kifua kilinibana kidogo. Nikaogopa." Sauti ilimshuka. "Nilimwona baba akifa, wewe hukumwona. Nikasema wiki hii tu. Nikapata nafuu, nikaogopa kuacha."

"Kwa hiyo mimi hapa nimekuwa nikimeza ulivyolamba ukatema."

"Sikutema!" Shemeji akasema kwa uchungu, kama mtu aliyesingiziwa. "Nililamba tu."

Fundi alitaka kukaa lakini hakuona kiti, vioo vilikuwa vimezidi. "Jana kwenye ngazi," akasema, "ulimwambia mama mkuu nimechoka."

Katika vioo vyote pale ukutani hapakuwa na Shemeji hata mmoja aliyeinua macho.

Fundi akayakusanya mafungu yote mawili, akayarudisha katika bakuli, akakumbatia bakuli hilo kwa mikono yake mirefu na kutoka. Alikwenda moja kwa moja hospitali. Nyuma yake, mbali kidogo, Shemeji alifuata, aproni bado kiunoni, akisema maneno ambayo fundi hakugeuka kuyasikia.

Sista alipoliona bakuli alielewa kabla hawajaketi. "Mmechanganya," akasema. Sauti yake safari hii haikunyoosha kitu. Akachukua kidonge, akakinusa, akachukua kingine. "Mbona hivi vinanuka tapentaini?"

Fundi akatazama mfuko wa aproni ya Shemeji. Shemeji naye akautazama, kisha akatazama miguu yake. Kitambaa kilikuwa kimechungulia kidogo, kama kinataka kusikiliza.

"Basi vile vichungu..." fundi akasema.

"Vilikuwa vyangu," Shemeji akamalizia, taratibu. "Vilinuka mfukoni."

Daktari alikuja, miwani ikamteleza, akaipandisha. Hakuwakemea, na hilo ndilo lililomchoma fundi zaidi. Aliwaambia kwamba watu wengi wanangoja jibu la utafiti ule, wagonjwa kama wao, na sasa yote waliyopima kwa hawa wawili hayana kazi tena. "Tuliwaamini," akasema. Fundi akainamisha kichwa. Neno lile lilimpata mahali palipokuwa tayari na kidonda.

"Mnatolewa kwenye utafiti," daktari akaendelea. "Na kwa kuwa mmechanganya, lazima nijue mmekuwa mkimeza nini." Akatoka kupiga simu kwa ile ofisi ya mbali. Walikaa pale wawili, na bakuli katikati yao. Shemeji alijaribu kusema, "Shemeji..." Fundi akahamia kiti cha tatu.

Daktari akarudi.

"Nyote wawili mlipangiwa vidonge visivyo na dawa."

"Wote?" akauliza Shemeji.

"Wote. Ni unga."

"Lakini mimi nilimkimbiza kuku!"

"Uliamini umepata dawa. Kifua kama hiki kinaweza kumsikiliza sana mwenye nacho. Ndiyo maana tunafanya utafiti kwa kuficha. Yeye," akamwelekea fundi, "hakuwa na jambo lolote la kumpa nguvu. Nitakubadilishia dawa zako za kawaida, fundi, na tutaipiga picha mishipa yako. Vitu vizito usibebe kwanza."

Waliteremka na kushika njia. Ilikuwa njia ile ile iliyompandisha Shemeji mbiombio wiki zote zile, ina mwinuko mdogo wa kumpa mtoto raha. Katikati ya mwinuko Shemeji akasimama, akashika nguzo ya taa, mkono kifuani. Kile kitu kimerudi. Kilikuwa kinangoja habari tu. Akaweka kidonge chake chini ya ulimi, na alipopata pumzi uso wake ukafunguka kama mtu aliyekumbuka habari njema.

"Shemeji! Hebu sikia. Mimi nimekula unga, wewe umekula unga. Mimi nimelamba tapentaini yangu mwenyewe. Sijakuibia kitu! Tuko sawasawa, kama siku ile ya benchi. Mambo yameisha!"

Fundi akamgeukia. "Ulipokuwa unalamba, ulijua ni unga?"

"Ningejuaje?"

"Basi."

Akaendelea na njia.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshapata habari zote, kwa kuwa kaka yake alitangulia kwa njia ya mkato akapita mlango wa nyuma.

"Kaka alikuja hapa kulia," akasema.

"Alilia, au alilamba?"

Mkewe alicheka, hakuweza kujizuia, kisha akajifuta macho kwa upande wa kanga na hapakuwa na kicheko tena. "Nimemtukana mpaka nimekaukiwa. Lakini ni ndugu yangu. Nifanye nini, nimrudishe tumboni kwa mama?"

"Sijakwambia umfukuze. Aje, ale, akae."

"Na dukani?"

Fundi alivua viatu kimoja kimoja. "Mama watoto, nilikuwa naenda kumpa. Unasikia? Nilikuwa njiani, nimepanga na maneno, nikampe vyote. Angeomba tu." Alikaa na kiatu mkononi kwa muda mrefu. "Nami nilikuwa nautukana moyo wangu."

Mkewe akamnyang'anya kile kiatu, akakiweka chini.

Dawa mpya alizobadilishiwa zilimfaa kidogo. Mishipa ilipigwa picha, na daktari akasema inatunzika kwa dawa, isiguswe kwa sasa. Ngazi akawa anaipanda kwa vituo, bila kusingizia mandhari. Lakini kioo cha chuo kilikuwa bado kimeegemea ukuta wa duka, na mkuu wa chuo akaja mwenyewe, futi shingoni, kuuliza kulikoni.

Shemeji naye alikuwa ameshafika asubuhi ile, kama asubuhi zote. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwita. Alisimama upande wake wa kioo, glavu mkononi, uso wa mtu anayengoja picha ipigwe.

"Tuko tayari, mama mkuu," akasema. "Tunapakia sasa hivi. Mimi na shemeji, taratibu, kwa vituo. Au siyo, shemeji?"

Fundi akamwomba mkuu wa chuo asogee. Kwa mikono yake yote miwili mirefu akakilaza kile kioo juu ya meza ya kukatia, kidogo kidogo, pembe baada ya pembe. Shemeji aliruka kusaidia, na fundi akamtazama tu, naye akarudi nyuma. Kilipolala, fundi akapaka mafuta kwenye kikatio, akaweka rula katikati.

"Shemeji, unafanya nini?" Shemeji akauliza. "Utakiharibu!"

"Fundi," akasema mkuu wa chuo, "mimi niliagiza kioo kimoja. Kizima."

"Najua, mama. Kimoja kinataka watu wawili. Mimi niko mmoja."

Akavuta. Sauti ile ya kikatio, kama hariri inayochanwa, ikakipita kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Akakigonga kwa chini, kikaachana. Akageuza rula, akakata tena, na tena, hata vikawa vipande ambavyo mtu mmoja mgonjwa anaweza kuvitia kwapani. Dirisha litakuwa na mbao katikati, akamwambia yule mama. Atazipiga msasa mwenyewe, na mwanga hautapungua sana. Mkuu wa chuo akafungua kinywa, akamtazama Shemeji aliyekuwa amesimama na glavu zake, akamtazama fundi, kisha akasema, "Basi mbao ziwe nyembamba," akaenda zake.

Ilimchukua kutwa nzima. Alipanda na kipande, akakiegemeza ukutani kwenye kituo, akakaa, akapumua, akapanda tena. Kwenye kipande cha mwisho kifua kilimkaza, si sana. Akaketi kwenye ngazi, akaweka kidonge chini ya ulimi na kusubiri.

Kutoka chini kabisa, mlangoni, sauti aliyoijua kuliko yake ikapanda ngazi.

"Shemeji? Umesimama? Nije nikushikie?"

Wanafunzi waliokuwa wakipita na vitambaa vyao walisimama kumtazama, wakingoja ajibu. Fundi alifumba macho. Parafujo ilikuwa inalegea, uzi mmoja mmoja.

"Shemeji, unanisikia?"

Alimsikia. Kifua kilipoachia, akainuka, akaweka kioo kwapani, akapanda.